Mizani ya Shule Ndogo

Kupima ni kuhukumu. Muuzaji anayejaza pishi mbele ya mnunuzi hasemi neno, lakini kitendo chake chasema: hiki ndicho kiasi cha haki, na kitakachopungua ni dhuluma. Ndiyo maana dini zetu kubwa zimekemea mizani ya hila kwa maneno makali. Mwizi wa usiku hujificha. Mwenye kibaba pungufu huiba mchana, mbele ya macho ya anayeibiwa, naye huagwa kwa shukrani.

Katika makala haya napenda tulitazame swali moja la upimaji ambalo walimu na wanafunzi wetu hukutana nalo kila mwaka, ingawa ni mara chache hulitaja kwa jina. Iko shule ndogo ya umma. Haikuanzishwa kwa njia ya kawaida, wala haifuati ratiba ya kawaida. Imewekwa kwa ajili ya watoto ambao shule nyingine hazikuwapata, au ziliwapata zikawapoteza. Je, shule hiyo ipimweje, ili isidhulumiwe, nayo isiwadhulumu watoto wake? Nimeyataja mambo hayo mawili pamoja kwa makusudi. Wengi wanaolijadili jambo hili huona hatari ya upande mmoja tu, na kwa hiyo hukimbia moto wakaangukia maji.

Sisi watunzi wa mashairi tunalo neno ambalo lafaa kutuongoza. Husema kwamba shairi lina mizani, yaani hesabu ya silabi katika kila mshororo. Shairi la kawaida la tarbia lina mizani kumi na sita, nane upande wa ukwapi na nane upande wa utao. Silabi moja ikipungua, sikio la msikilizaji hodari hujikwaa papo hapo, na shairi hilo likaitwa guni. Basi mizani si kitu cha mchezo. Hata hivyo, sijapata kuona baraza la washairi likimtuza mtu kwa sababu tu silabi zake zimetimia. Silabi zikitimia, ndipo watu huanza kuuliza: amesema nini? Mizani ni mlango wa kuingilia. Si nyumba yenyewe.

Mtihani nao ndivyo ulivyo, na kabla hatujaulaumu yatupasa tuutendee haki. Mtihani wa taifa husahihishwa bila ya msahihishaji kumjua mtahiniwa. Mbele yake ipo namba, halipo jina. Hajui kama namba hiyo ni ya mtoto wa mvuvi wa Kilwa au ya mtoto wa mkubwa wa mjini. Katika nchi ambayo wakati wa ukoloni nafasi za masomo ziligawanywa kwa rangi, na ambamo hata baada ya uhuru kujuana hakukufa, usiri huo wa namba ni ngao ya mnyonge. Wako watu wengi wa rika langu, watoto wa wakulima wasiojua kusoma, ambao hawakubebwa na mtu yeyote isipokuwa karatasi ya mtihani. Anayesema mtihani ufutwe kabisa hana budi kutuambia kwanza atamlinda vipi mtoto asiye na mjomba ofisini.

Lakini kitu kilichotengenezwa kumpima mtoto mmoja si lazima kifae kuipima shule nzima, na hasa shule ndogo. Ziko sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni ya hesabu tu, na mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aweza kuihakikisha mwenyewe. Tuchukue darasa la watahiniwa 12. Mtoto mmoja akishikwa na malaria asubuhi ya mtihani wa Hisabati, kiwango cha kufaulu cha shule hupungua kwa zaidi ya asilimia 8. Katika shule ya watahiniwa 240, homa ya mtoto mmoja haifiki hata nusu ya asilimia moja. Tuseme tena kwamba mwaka huu wamefaulu 10 kati ya wale 12, na mwaka ujao wakafaulu 8. Taarifa itaandika kuwa shule imeporomoka kutoka asilimia 83 hadi asilimia 67. Neno “imeporomoka” litasomwa katika mkutano, mwalimu mkuu atatakiwa ajieleze, na huenda yuko atakayependekeza darasa lifungwe. Nao walioporomoka ni watoto wawili. Yawezekana mmoja alifiwa na mwingine alihamishwa na mzazi wake katikati ya muhula. Asilimia hupendeza katika jedwali, lakini katika idadi ndogo huwa kama kivuli cha jioni: hurefuka kuliko mtu mwenyewe.

Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria mwaka 1973, kwa miaka mingi lilizitangaza shule zilizoongoza na zile zilizoshika mkia. Lenyewe lilitambua tatizo hili la idadi, hata likaziweka shule zenye watahiniwa wachache katika kundi lake peke yake. Hatimaye, lilipotangaza mwezi Januari 2023 matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2022, liliacha kuzipanga shule kwa ubora. Kuacha huko hakukumaliza swali letu. Kumetuondolea jibu jepesi tu, kukatuachia kazi ya kutafuta jibu zuri.

Sababu ya pili ni mahali pa kuanzia. Watu wawili wakifika Morogoro jioni, mmoja akiwa ametoka Chalinze na mwingine ametoka Lindi, hatuwezi kusema kwamba wametembea sawa. Mfano wake tunao nyumbani. Mwaka 1999 yalianza majaribio ya Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Watoto Walioikosa, ambao wote twaufahamu kwa jina la MEMKWA. Ulianza katika wilaya chache, Kisarawe na Masasi zikiwa miongoni mwake, kisha ukaenea nchini ulipoingizwa katika Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza mwaka 2002. Madarasa yake yalikuwa ya miaka mitatu. Watoto wadogo walitayarishwa kwa mtihani wa Darasa la Nne ili waingie Darasa la Tano pamoja na wenzao. Vijana wa miaka 14 hadi 18 walitayarishwa kwa mtihani wa Darasa la Saba. Mpango uliweka stadi za maisha kando ya kusoma na kuhesabu, kwani aliyeandikishwa hakuwa mtoto wa miaka saba aliyeshikwa mkono na mama yake. Alikuwa mchungaji aliyeacha ng'ombe, yatima aliyelea wadogo zake, msichana aliyekwisha kutumikia nyumba za watu, kijana aliyejua bei ya dagaa kuliko alivyojua herufi.

Sasa mtoto wa namna hiyo akikaa miaka mitatu, akashindwa mtihani kwa alama chache, lakini akaondoka akisoma gazeti, akiandika barua na kukataa kudanganywa katika hesabu za mauzo, tutamwandika wapi? Katika jedwali la kawaida ataandikwa pamoja na yule aliyekaa miaka saba bila ya kujifunza kitu. Wote wawili ni “hakufaulu”. Jedwali halikusema uongo, ila limenyamaza mahali palipotakiwa ushahidi, na katika kesi shahidi anayenyamaza humsaidia mmoja wa washitaki.

Sababu ya tatu ni kwamba kipimo kikitukuzwa mno hukigeuza kile kinachopimwa. Historia yatupa somo lililotokea Uingereza. Mwaka 1862 serikali ya nchi hiyo ilipitisha kanuni iliyofanya sehemu kubwa ya ruzuku ya shule za watu maskini itegemee mahudhurio na matokeo ya kila mtoto mbele ya mkaguzi, katika kusoma, kuandika na kuhesabu. Nia haikuwa mbaya: watawala walitaka fedha ya umma isipotee. Miongoni mwa wakaguzi alikuwamo mshairi Matthew Arnold, ambaye aliifanya kazi ya ukaguzi tangu mwaka 1851 hadi mwaka 1886. Mtumishi huyo wa serikali aliupinga utaratibu wa serikali yake mwenyewe waziwazi, na katika taarifa zake akaonyesha kwamba kwa werevu wa matayarisho watoto waliweza kuvushwa katika mtihani wa kusoma, kuandika na kuhesabu bila ya kujua kusoma, kuandika wala kuhesabu kwa kweli. Walimu hawakuwa wabaya. Walikuwa na njaa, na njaa ilikuwa imefungwa kwenye mtihani. Utaratibu huo uliachwa katika miaka ya 1890, baada ya kizazi kizima kupita chini yake.

Shule ndogo ikipimwa hivyo huharibika upesi kuliko kubwa, kwa kuwa haina mahali pa kuficha udhaifu. Njia rahisi ya kuinua wastani wake ni kumwondoa mtoto dhaifu kabla ya siku ya mtihani. Ataambiwa arudie, au mzazi wake ataitwa na kushauriwa kwa sauti ya upole. Wastani utapanda, pongezi zitakuja, na mtoto ambaye kwa ajili yake shule ilianzishwa atakuwa nje ya mlango. Huo ndio ubaya mkubwa kuliko wote, maana umevaa nguo za sifa.

Nimeutetea upande wa shule ndogo. Sasa yanipasa niutetee upande wa mtoto dhidi ya shule ndogo hiyo hiyo. Wako wanaosema: “Sisi ni tofauti, msitupime.” Neno hilo ni tamu, lakini lina sumu. Mtoto aliyekosa shule mara moja amekwisha kudhulumiwa. Akipewa shule ya pili ambayo yaimba nyimbo nzuri, yalima bustani nzuri, yamsifu kwa kila jambo, lakini haimfundishi kusoma, basi amedhulumiwa mara mbili, na mara hii amefanyiwa hivyo na watu wanaojiita rafiki zake. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Huruma isiyodai kitu kwa mtoto ni dharau iliyojifunika shuka. Yamwambia kwa siri kwamba hakutarajiwa kuweza. Na mgema akisifiwa, tembo hulitia maji: shule inayosifiwa kwa nia yake njema peke yake haitachelewa kulegea.

Tena si kila kipimo kinachouchukua nafasi ya mtihani kina haki zaidi. Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alieleza kwamba mitihani yetu ilipima uwezo wa kukumbuka mambo na kuyatoa inapotakiwa, lakini haikupima tabia wala moyo wa kutumikia. Akashauri kazi ambayo kijana ameifanyia shule na jamii yake nayo ihesabiwe. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliufuata ushauri huo, na tangu mwaka 1976 matokeo ya mwanafunzi yakaanza kuhesabiwa pamoja na maendeleo yake ya kila siku, kazi zake na mwenendo wake. Nia yake ilikuwa tukufu, nami nasimama upande wake mpaka leo. Hata hivyo, utekelezaji ulizusha swali zito. Alama ya Hisabati mwanafunzi aweza kuidai: ataonyesha karatasi, atasema hapa nimepata, hapa nimekosa. Alama ya tabia ataidai kwa hoja gani? Mwalimu mwadilifu ataitoa kwa uadilifu. Mwalimu mwenye kinyongo ataitoa kwa kinyongo. Na mwanafunzi mnafiki atajifunza kushika jembe pale tu mwalimu anapopita. Kipimo kisichoweza kupingwa na anayepimwa hakina budi kuogopwa, hata kama kimebeba jina zuri.

Basi tufanye nini? Mtihani peke yake hautoshi, na wema peke yake hautoshi. Naona kwamba utamaduni wetu wenyewe unatupa njia, kama tutautazama kwa makini. Fundi wa jahazi hakupewa cheti na mtu aliyeketi mbali. Mwanafunzi wake alishika tezo mbele ya watu, akapasua na kuziba mbele ya watu, na siku ya kushua chombo bahari ilisema neno la mwisho. Malenga hakujitawaza chumbani. Alikuja barazani, akafumba fumbo, akajibiwa, akalazimika kujibu tena. Katika mifano hiyo miwili kuna mambo matatu: kazi yenyewe yaonekana, mashahidi ni zaidi ya mmoja, na anayepimwa ana ruhusa ya kujitetea.

Yako mahali pengine duniani ambako jambo la namna hii lilijaribiwa katika shule ya umma. Mwaka 1974 mwalimu Deborah Meier alianzisha shule ndogo ya msingi, Central Park East, katika mtaa wa East Harlem mjini New York, mahali palipokaliwa na watu maskini, wengi wao Waamerika Weusi na watu wa asili ya Puerto Rico. Mwaka 1985 ilizaliwa shule ya sekondari juu yake. Kijana wa sekondari hiyo hakuhitimu kwa kukaa miaka tu. Alitakiwa akusanye kazi zake katika mafungu 14, kisha azitetee mbele ya jopo ambamo walikuwamo walimu, mtu mzima aliyemchagua mwenyewe, na mwanafunzi mwenziwe. Watafiti nao waliwatafuta wahitimu wa miaka ya mwanzo ili wajue maisha yamewapeleka wapi, na wakakuta wengi wao wameendelea na masomo ya juu.

Lakini tusichukue mfano huo kama hirizi. Wazazi waliopeleka watoto kule walichagua wenyewe kufanya hivyo, na mzazi anayechagua huenda ana juhudi ambayo ingemsaidia mtoto wake popote. Tena, baada ya waanzilishi kuondoka, utaratibu ule haukudumu katika sekondari ile. Kipimo kinachohitaji watu wa ajabu ili kifanye kazi hakijawa kipimo bado, ni kipaji. Taifa lahitaji njia ambayo mwalimu wa kawaida, mwenye mshahara wa kawaida na watoto wake nyumbani, aweza kuifuata.

Kwa hiyo napendekeza maswali manne, ambayo hayahitaji mtaalamu kutoka mbali. La kwanza: mtoto huyu alipoingia alijua nini, na sasa anajua nini? Hili lataka daftari tu, lililoandikwa kwa uaminifu siku ya kwanza. La pili: kati ya walioandikishwa, wangapi wamebaki, na walioondoka wamekwenda wapi? Shule isiyoweza kujibu swali hilo isipewe pongezi ya wastani wowote. La tatu: je, mtoto aweza kusimama mbele ya watu, si walimu wake peke yao, akasoma, akaeleza, akatetea kazi ya mikono yake? La nne: baada ya miaka miwili au mitatu, wanaoishi naye wasema nini juu yake? Mtihani wa taifa uwepo kando ya maswali hayo kama shahidi mmoja mwenye heshima, na matokeo ya miaka kadhaa yasomwe pamoja, ili homa ya mtoto mmoja isihukumu kazi ya walimu wote.

Liko sharti moja juu ya hayo yote: kipimo kitangazwe kabla ya kazi kuanza. Tukumbuke Litowa. Katika wilaya ya Songea, vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walianzisha makazi ya pamoja mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1963 kikaundwa Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Shule yao ya Litowa iliwasomesha watoto wa vijiji vya chama hicho. Shamba lilikuwa sehemu ya darasa, na watoto walishiriki kuyaamua mambo ya shule yao. Mambo mengi yaliyoandikwa katika Elimu ya Kujitegemea yalikwisha kuonekana kwa macho huko. Mwezi Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama kile, na mazingira yaliyoilea shule yakaondoka nacho. Sisemi hayo ili kufufua ugomvi wa zamani. Nasema kwamba katika uamuzi ule haikuulizwa kama watoto wa Litowa walisoma vizuri au vibaya. Shule ilianguka kwa hukumu ya jambo jingine. Ni wajibu wa anayehukumu kusema mapema atahukumu nini. Asiposema, hata hukumu iliyo sahihi hufanana na jeuri.

Mwalimu unayesoma maneno haya, huenda unafundisha katika darasa la namna hiyo, la watoto kumi na saba wenye umri usiolingana, katika chumba kilichoazimwa. Usiogope kupimwa, wala usikubali kupimwa nusu. Andika kila mtoto alikoanzia. Mwambie ukweli juu ya udhaifu wake, kwani anao uwezo wa kuubeba. Nawe mwanafunzi wa sekondari, ambaye kesho utakuwa afisa mwenye kalamu na majedwali mezani, kumbuka kwamba kila tarakimu uliyoipokea ilikuwa mtoto kabla haijawa tarakimu. Kabla hujaandika kwamba shule ifungwe, uliza ni nani watakaobaki barabarani asubuhi yake. Na kabla hujaandika kwamba iachwe kama ilivyo, mwite mtoto mmoja, mpe kitabu, usikilize anavyosoma.

Mizani nzuri haimpendelei muuzaji wala mnunuzi. Haitengenezwi na chuma peke yake. Hutengenezwa na mkono unaoishika na jicho linaloitazama. Tukiwa na mikono na macho ya namna hiyo, shule zetu ndogo zitapata haki yao, na watoto wake watapata elimu yao.